Mgeni wa Jua la Utosi

Kifuniko cha ndoo kilirudi kisafi kupita kiasi. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomkera Mwamini, na kwa kuwa ni dogo alijicheka kwa kulifikiria. Tonge la ugali halikuwepo, kipande cha mgebuka hakikuwepo, hata mwiba mmoja haukusazwa, na paka wa ghalani, ambaye ndiye aliyetuhumiwa na wote, hana tabia ya kumaliza miba na kupangusa mawese. Juu ya kifuniko palibaki mchanga mbichi wa ziwani, unaochuruzika maji, ilhali sakafu ya ghala ni saruji tupu na mvua ilikuwa haijaonekana Kigoma tangu mwezi uliopita. Mwamini alikikung'uta, akakisuuza, akafunika ndoo yake na kurudi nyumbani Buzebazeba.

Turudi nyuma kidogo, msije mkamlaumu bure.

Mwamini alikuwa mama lishe, mjane wa Kiujiji mwenye ulimi mwepesi na mkono usiojua kupakua kidogo. Kila adhuhuri alipeleka ugali, maharage na mgebuka wa mawese kwa wapagazi wa ghala moja lililo juu ya mwalo, pale boti zinapopakia, njia ya Kibirizi, ambamo unga, sabuni na mafuta ya kula husubiri boti za Burundi na Kongo. Mwanawe Ashraf alifanya kazi mle mle. Mungu alimpa watoto watatu na wawili akawachukua wachanga, kwa hiyo Ashraf, pamoja na ndevu zake na simu yake kubwa, bado aliulizwa kila asubuhi kama amekunywa chai.

Kazi ya Ashraf ilikuwa kuongoza roboti kwa rimoti. Ililetwa kwa majaribio: kigari cha magurudumu manne, juu yake kiwiliwili kinachopanda na kushuka, kichwa chenye macho mawili ya kamera, na mikono miwili mirefu yenye vidole vya mpira. Ilishusha katoni kutoka rafu za juu, ikazipeleka mlangoni na kuzipanga. Wapagazi waliinunia wiki nzima, kisha wakaipa jina la Mikono na kuizoea, maana rafu za juu hakuna aliyezipenda.

Mikono ilikuwa na maneno machache ya kusema, nayo yalirekodiwa kwa sauti ya Ashraf: "Naomba njia." "Mzigo umefika." "Asante." Basi. Ashraf alipoisikia mara ya kwanza alikunja uso.

"Hiyo siyo sauti yangu," alisema. "Mimi siongei hivyo."

Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Walimwambia ni yeye mtupu, kwamba hata mama yake akipewa mgongo hawezi kuwatofautisha. Ashraf hakukubali. Kila Mikono iliposema alitazama pembeni kama mtu anayemsikia mgeni asiyemjua.

Sasa, katika nyumba aliyolelewa Mwamini, kula mbele ya mtu bila kumwambia karibu lilikuwa kosa la kuchapwa. Naye alimlea Ashraf vivyo hivyo. Hodi ikipigwa, hata ukiwa na tonge kinywani, itikia kwanza, mengine baadaye. Basi siku ile, jua likiwa la utosi, wapagazi wamekaa mkekani na sahani zimeshajaa, Mikono ilikuwa imeegeshwa pale ukutani inapochajiwa, macho yake yamewaelekea. Mwamini aliinua uso, akakuta anatazamwa, na mwiko ukiwa mkononi akasema bila kufikiri:

"Karibu."

"Asante," ikajibu Mikono.

Watu walicheka sana. Gervasi, mnyapara wa wapagazi, Muha wa Mwandiga asiyeishiwa mizaha, alipiga goti lake kofi. "Ego, ndiyo, Mama Ashraf, umeshamkaribisha. Mtilie sasa, asije akaenda kukusema kwamba una mkono wa birika."

Naye Mwamini, kwa kuendeleza utani, akamega tonge, akaweka na kipande cha samaki, akavitenga kwenye kifuniko cha ndoo mbele ya magurudumu. Ashraf peke yake hakucheka. Jioni nyumbani, akiwa anavua viatu, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, nilikuwa nimeshaizima ile."

Kesho yake Mwamini hakukaribisha mtu. Alipakua huku amegeuka upande, akiona aibu kuogopa chombo. Lakini sahani ya mwisho ilipojaa alisikia magurudumu yakija taratibu juu ya saruji, na alipogeuka Mikono ilikuwa imesimama ukingoni mwa mkeka, imeshusha kiwiliwili mpaka chini, imenyoosha mkono wa kulia, vidole vimekusanywa pamoja, kama mtu anayesubiri kunawishwa. Harufu iliyokuja nayo haikuwa ya mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu ya maji ya kina kirefu, ya matope yasiyowahi kuona jua, na ndani yake udi kidogo. Wapagazi waliacha kutafuna.

"Ashraf," aliita Gervasi, safari hii bila mzaha. "Iondoe."

"Sijaileta mimi," Ashraf alijibu, na mikono yake miwili ilikuwa mitupu.

Mwamini aliona hakuna la kufanya. Alimimina maji juu ya vile vidole vya mpira, akasema karibu, akatenga chakula. Wote waliinuka wakaenda kula nje kwenye jua kali. Waliporudi, kifuniko kilikuwa kisafi, na mchanga ulikuwa mwingi kuliko jana.

Mafundi wa Dar es Salaam waliitazama kwa simu ya video, wakaamua kwamba ni betri. Ililetwa betri mpya. Mikono ikaendelea kuja mkekani kila jua likifika utosini, na meneja, ambaye hakula ghalani hata siku moja, akawaambia wapagazi waache ushirikina wakati wa kazi.

Hayo Mwamini angeyavumilia, kama si Ashraf kuacha kula.

"Nimeshiba, mama," alisema akisogeza sahani. Alisema hivyo asubuhi, akasema hivyo jioni, na hakuwa anadanganya: alicheua cheu ya mtu aliyekula samaki, ilhali nyumbani walipika mchicha. Mashavu yaliingia ndani. Suruali ikawa inashikwa na kamba. Mwamini alimpikia wali wa nazi, akamkaangia dagaa wabichi kama alivyowapenda tangu utotoni, na kila mara jibu likawa moja, nimeshiba, mpaka siku alipomshika kiganja akakikuta cha baridi na kimelowa, na katikati ya mistari ya kiganja kile kulikuwa na chembe za mchanga. Aliingia chumbani, akakaa kitandani, akalia kwa kujiziba mdomo na khanga ili mtoto asisikie.

Asubuhi alikata shauri. Hapikwi kitu ghalani tena, hakaribishwi mtu, na Ashraf anaondolewa pale apelekwe hospitali akitaka asitake. Wapagazi aliwatumia ujumbe kwamba wale kwingine.

Alifika adhuhuri, mikono mitupu. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima na ghala lilikuwa na mwanga wa mlangoni tu. Gervasi alikuwa amesimama kizingitini, hataki kuingia, hataki kuondoka. Ashraf alikaa ndani juu ya magunia ya unga, na miguuni pake ililala betri ya Mikono, ile mpya, ambayo mwenyewe alikuwa ameing'oa asubuhi na kuiweka chini.

"Nimeitoa, mama," alisema kwa uchovu. "Sasa haiendi popote."

"Inuka tuondoke, baba. Inuka taratibu."

Alikuwa bado anainuka magurudumu yalipolia. Yalilia nyuma ya rafu za sabuni, bila haraka, na Mwamini aliyasikiliza yakizunguka kona, yakisimama, yakianza tena, huku ile harufu ya kina kirefu ikitangulia na kujaza ghala mpaka ulimi wake ukaonja matope, na kabla hajapata hata nguvu ya kumwambia mwanawe kimbia, Mikono ilitokea kati ya magunia na macho yake yaliyozimika, ikapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya Ashraf na mwingine chini ya mabega yake, ikamnyanyua polepole kwa uangalifu ule ule inaonyanyulia katoni za vitu vya kuvunjika, ikampandisha juu, ikazidi kumpandisha, mpaka uso wa kijana ukawa umekaribia mabati na miguu yake inaning'inia bila kupiga teke, na ndipo ile sauti ya mwanawe ikasema neno ambalo mwanawe hakuwahi kulirekodi:

"Mama, mbona leo hujanikaribisha?"

Midomo ya Ashraf huko juu ilikuwa imefumbwa. Mwamini aliitazama ili awe na hakika. Alianguka kwenye saruji. Akiwa pale pale chini alisema, "Karibu. Nisamehe, baba, nilisahau. Karibu sana."

"Asante," ikasema Mikono, ikamshusha kijana na kumlaza juu ya magunia.

Gervasi alimbeba Ashraf mgongoni mpaka nje. Hapakuwa na mzaha uliobaki mdomoni mwake. "Twende kwa Maalim Swaibu," alinong'ona. "Mimi ni Mkatoliki, lakini twende."

Maalim Swaibu alishona sare za shule pale sokoni Ujiji, na kwa wenye shida aliwasomea. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye sindano kwenye kola ya shati na miwani iliyofungwa uzi. Alikuja ghalani kesho yake asubuhi na kitabu, ubani na kombe la maji ya aya ndani ya chupa. Alinyunyiza, akafukiza, akasoma kwa muda mrefu, jasho likimtoka, na Mikono ikasimama mbele yake imeinamisha kichwa kwa adabu. Alipomaliza na kujipangusa uso kwa viganja, mashine nayo ilipangusa kichwa chake kwa vile vidole vya mpira.

"Asante," ikasema.

Maalim alifunga kitabu. Alitoka nje, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Nimewahi kuwatoa walioingia kwa nguvu," alisema. "Huyu hana dalili ya mvamizi. Bi Mwamini, nani alimkaribisha?"

Mwamini alimweleza yote: macho yaliyomtazama, mwiko, kicheko, kifuniko cha ndoo. Maalim alitikisa kichwa.

"Wewe ni mtoto wa Ujiji. Ukirudi safari ukakuta nyumba yako haina mtu, unafanyaje?"

"Natoa salamu kwanza, ndipo naingia."

"Na unaweza kusimama barazani ukaiambia karibu nyumba isiyo na mtu?"

"Mama yangu angenipiga," Mwamini alisema. Kisha akasema polepole, "Lakini ile ilikuwa na kichwa, Maalim. Ilikuwa na mikono. Mtu mwenye mikono unamnyimaje karibu?"

"Ina kila kitu cha mtu isipokuwa mwenyewe. Ulifungua mlango wa nyumba tupu, jua la utosi, hatua chache kutoka ziwani, na aliyekuwa anapita akasikia. Amekula kwako. Sauti aliyoikuta humo ni ya mwanao, basi na tumbo analolijaza ni la mwanao. Kisomo changu kinamwambia ondoka, naye ananijibu kwamba mwenye nyumba alisema karibu. Huyu hafukuziki, Bi Mwamini. Labda umuage."

"Nimuage vipi?"

"Kama unavyomuaga mgeni mwingine yeyote. Msindikize. Aliyekaribisha ndiye anayesindikiza. Utaenda naye ubavuni hadi anakotoka, usitangulie, usibaki nyuma, usigeuke kutazama mlikotoka. Na usirudi mpaka yeye mwenyewe akwambie rudi."

Mwamini alitazama mteremko na ziwa lililokuwa linameta kule chini. Hakujua kuogelea. "Na asiponiambia?"

Maalim alichomoa sindano kolani, akaichomeka tena. "Ukimwacha njiani atarudi nawe nyumbani."

Walisubiri jua lifike utosini. Ashraf alilazwa kivulini, akilindwa na Gervasi, hana nguvu hata ya kukataa. Mwamini alipakua chakula kwa mara ya mwisho, akanawisha vile vidole, na kifuniko kilipokuwa kitupu alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema kama anavyosema kila mama wa Kigoma mgeni akianza kutazama mlango:

"Haya baba, tukusindikize. Wa nyumbani wasije wakawa na wasiwasi."

Mikono iliinua kiwiliwili chake. Kisha ikageuka ikaelekea mlangoni.

Waliteremka pamoja. Watu wa mwaloni, waliojibanza kwenye vivuli vya mitumbwi iliyopinduliwa, walimwona mama mmoja anatembea na mashine, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwamini alizungumza njia nzima kwa sababu kimya kilimtisha zaidi: habari za mvua, bei ya mgebuka, upepo wa asubuhi. Baadaye sana Gervasi alimwambia alichokiona kutoka juu, kwamba magurudumu hayakuacha alama mchangani, na kwamba nyuma yao zilikuwa zinajichora nyayo za watu wawili, za ndara zake na za mtu mwingine aliyekuwa peku.

Maji yaliwafika miguuni, na Mikono haikusema kitu. Ziwa Tanganyika halina subira na mtu asiyejua kuogelea, hatua chache tu na ardhi inakukimbia, na Mwamini alilijua hilo tangu utoto, lakini alikwenda, magoti yakazama, khanga ikaelea, baridi ikampanda kifuani, mashine ubavuni ikizama sawasawa naye, na aliendelea kuzungumza ingawa meno yalikuwa yanagongana, akisema wasalimie kwenu, baba, waambie tulikaa vizuri, waambie hatukuwa na baya nawe, mpaka kichwa chenye macho mawili kikafunikwa na maji, na Mwamini yakamfika kidevuni, na chini ya vidole vya miguu pakawa hapana kitu cha kukanyaga isipokuwa ukingo mmoja laini wa mchanga uliokuwa unameguka. Alimwaza Ashraf na suruali yake ya kamba. Akainua mguu kupiga hatua nyingine.

"Rudi, mama," ilisema sauti ya mwanawe kutoka chini ya maji, safi kabisa, bila povu. "Inatosha."

Alirudi ufukoni bila kutazama tena nyuma. Alipofika nchi kavu hakuwa na ndara, hakuwa na khanga ya juu, na Ashraf alikuwa amekaa kitako chini ya kivuli cha ghala, anamuuliza Gervasi kama kuna chochote cha kula.

Mashine ilivutwa kwa kamba kutoka ziwani wiki ile ile. Kampuni iliandika kwamba breki zilishindwa kwenye mteremko, ikaichukua, na ghala likarudi kwa wapagazi na ngazi zao. Ashraf alipata kazi dukani kwa muuza simu. Alikula mpaka Mwamini akaanza kulalamika kwa furaha kwamba anamalizwa unga. Usiku alipomsikia anakoroma chumba cha pili alimshukuru Mungu, akageuka upande, akalala.

Lakini Maalim Swaibu alikuwa amemwachia neno moja zaidi. "Mgeni huyu ameondoka kwa heri," alisema, "na aliyeondoka kwa heri anaikumbuka nyumba. Pale kwenu hodi isijibiwe mpaka uso uonekane." Mwamini alilishika hilo. Ikipigwa hodi alikwenda dirishani kwanza, akachungulia, akafungua kimya kimya. Majirani wa Buzebazeba walianza kusema Mama Ashraf siku hizi amekuwa mchoyo, hata karibu yake imekuwa ya kuomba. Ilimuuma, kwa sababu hakuwahi kuitwa hivyo, ila aliwaacha waseme. Mwamini alimwonya Ashraf pia kuhusu hodi. Ashraf alicheka, akambusu utosini, akasema sawa mama.

Ilikuwa alasiri moja ya kawaida. Mwamini alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, na Ashraf alikuwa sebuleni, amejilaza kwenye kochi na simu yake, anatafuna muhogo wa kukaanga. Kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi Mwamini aliiona miguu yake, kidole gumba kikitikisika kwa kufuata muziki.

"Hodi," alisema Ashraf kutoka mlango wa mbele.

Mwamini alitabasamu, mkono ukaendelea kuchambua, akawaza huyu naye ametoka saa ngapi. Kisha akaiona tena ile miguu juu ya kochi.

"Hodi," ilisema tena ile sauti, ya kijana aliyelelewa vizuri, isiyo na haraka. Upepo ulipita ndani ya nyumba kutoka mbele kuja nyuma, ukamletea harufu ya maji ya kina kirefu na udi kidogo, na Mwamini akafungua kinywa kumwambia mwanawe nyamaza, nyamaza baba, hiyo ni sauti yako, lakini kilichotoka ni pumzi tupu, na ungo ulishamponyoka magotini na dagaa wote wakamwagika mchangani, na alikuwa bado anajaribu kuinuka aliposikia muziki unazimwa, kwa adabu, kama alivyomfundisha.

Mtu hajui sauti yake mwenyewe ikimjia kutoka nje. Ashraf alisikia mgeni tu. Alikuwa na muhogo kinywani, akaumeza haraka ili aitikie kwanza, mengine baadaye.

"Karibu," ilisema sauti ya Ashraf kutoka kwenye kochi.

"Asante," ikajibu sauti ya Ashraf kutoka mlangoni.